Dedilifti kwa anayeanza: kazi kubwa iko kabla nondo haijaondoka sakafuni

Wanaoanza kupiga chuma huniuliza kwanza kama dedilifti, yaani kuinua nondo yenye uzito pande zote mbili kutoka sakafuni hadi usimame wima, ifanywe au iachwe. Namna ya kuifanya huja baadaye. Wameshaambiwa na rafiki, na ndugu, hata na watu wa afya, kwamba zoezi hili linaua mgongo. Kazi yangu ni kufundisha watu wazima kunyanyua uzito, na jibu langu ni lile lile kwa kijana na kwa mstaafu: ifanywe, lakini ifundishwe kwanza. Maisha yote unainama na kuokota vitu, mtoto, ndoo ya maji, sanduku la vitabu. Ukiikwepa dedilifti hujaikwepa kazi hiyo. Umechagua tu kuifanya bila maandalizi.

Wengi wanaoumia huumizwa na mambo matatu: uzito uliopandishwa haraka kuliko mwili ulivyoweza kuufuata, uchovu uliopuuzwa, na nondo iliyokaa mbali na mwili. Hayo mawili ya kwanza kila mtu anayajua hata kama hayafuati. La tatu halisemwi vya kutosha, nami naliona ndilo mama wa makosa mengine.

Misuli inayosimamisha mgongo hukaa karibu sana na pale pingili za kiuno zinapojikunja, takriban sentimita 5 au 6. Mzigo ulioko mikononi mwako uko mbali zaidi ya hapo. Maana yake misuli inavuta kwa wenzo mfupi dhidi ya mzigo wenye wenzo mrefu. Tuseme una nondo ya kilo 60. Ikisogea mbele sentimita 10 tu, misuli hiyo inabidi iongeze nguvu inayolingana na kilo 100 hadi 120 hivi, na hakuna aliyeongeza hata gramu moja kwenye nondo. Sentimita 10 ni upana wa kiganja. Ndiyo sababu unaweza kumwona mtu akinyanyua uzito wa kawaida kabisa huku mgongo unamlalamikia, na jirani yake ananyanyua mara mbili ya hapo bila shida. Kwa hiyo karibu kila ninalofundisha kuhusu dedilifti lina lengo moja: nondo ipande na ishuke ikiwa imegusana na miguu, au karibu kugusana.

Kabla ya kuishika nondo, jifunze kukunja nyonga. Watu wengi wakiambiwa wainame hukunja kiuno, makalio yakabaki palepale. Dedilifti inataka makalio yarudi nyuma na kiwiliwili kiende mbele kwa sababu hiyo, kama mtu anayesukuma mlango kwa makalio kwa kuwa mikono yake imejaa mizigo. Magoti yanalegea kidogo, hayaendi mbele. Ukifanya sawasawa utasikia nyuma ya mapaja pakivutika kabla mikono haijafika magotini.

Kipimo chake ni fimbo ya ufagio. Iweke wima mgongoni iguse sehemu tatu: kisogo, katikati ya mabega na kifandugu. Rudisha makalio nyuma polepole huku mtu akikutazama kwa ubavuni. Fimbo ikiachana na kifandugu, kiuno kimeanza kujikunja. Ikiachana na kisogo, kichwa kimeacha mstari wa mgongo. Mahali ambapo sehemu moja inaachia ndipo mwisho wa uwezo wako kwa sasa, na hapo ndipo nondo yako inapaswa kuanzia. Wengine wanafika hadi chini siku ya kwanza. Wengine wanaishia chini kidogo ya magoti, na hakuna aibu yoyote: weka nondo juu ya mbao au sahani (vile vyuma vya duara vinavyotiwa kwenye ncha za nondo), uishushe kidogo kidogo kadiri wiki zinavyokwenda.

Hapa niseme kuhusu kimo, kwa sababu kinawaonea wanaoanza. Sahani kubwa za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, hivyo nondo inakaa sentimita 22.5 kutoka sakafuni. Anayeanza na sahani nyepesi, ambazo mara nyingi ni ndogo, nondo yake iko chini zaidi ya hapo, na analazimika kuinama kuliko bingwa. Nondo ya kawaida pekee ina kilo 20 (ya wanawake kwenye mashindano ya kunyanyua uzito ya Olimpiki ina 15), na ukiiweka tupu sakafuni imelala karibu kwenye vidole vya miguu. Iinue juu ya kitu imara mpaka ifikie kimo kinachotakiwa.

Sasa simama mbele ya nondo. Miguu iwe upana wa nyonga, kama ungeiweka ukitaka kuruka juu, vidole vimefunguka nje kidogo. Nondo ipite juu ya katikati ya wayo, na nasema wayo wote, ukihesabu pamoja na kisigino kilichoko nyuma ya kifundo. Ukitazama chini unaona tu sehemu iliyo mbele ya ugoko, ukadhani katikati ni mbali kuliko ilivyo. Tazama kamba za viatu: nondo iwe juu ya fundo, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye ugoko. Viatu vyenyewe viwe na soli bapa na ngumu. Vya kukimbilia vina soli laini inayobonyea, kisigino kikayumba wakati unahitaji kusukuma.

Inama kwa nyonga ushike nondo nje kidogo ya miguu, bila kuisogeza. Narudia, bila kuisogeza, maana mtu hutumia dakika nzima kupanga miguu kisha akaisukuma nondo mbele kwa vidole wakati wa kushika. Viganja vyote viwili vitazame nyuma. Mshiko wa kiganja kimoja mbele na kingine nyuma una manufaa yake kwa uzito mkubwa, lakini mkono ulioangalia mbele uko kwenye hatari ya kuchanika misuli ya mbele ya mkono, hasa kiwiko kikikunjwa. Anayeanza hauhitaji. Mikono iwe imenyooka tu.

Ukishashika, kunja magoti mpaka ugoko uguse nondo, kisha acha. Usishushe makalio zaidi. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi na wanafunzi, kwa sababu kuna picha nyingi za watu waliochuchumaa mbele ya nondo na inaonekana salama. Ukichuchumaa, magoti yanaisukuma nondo mbele na mabega yanabaki nyuma yake. Ukivuta, mwili unajirekebisha wenyewe: makalio yanaruka juu kwanza, nondo haijatikisika, kisha mgongo unabeba kazi iliyokuwa ya miguu. Mabega yatangulie nondo kidogo, makalio yawe kati ya magoti na mabega. Kimo halisi cha makalio kinategemea urefu wa mapaja yako. Mwenye mapaja marefu atakuwa na makalio ya juu na kiwiliwili kilicholala zaidi, na hilo si kosa. Usimwige mtu kwa picha.

Inua kifua kidogo bila kuvuta mabega nyuma. Bana kwapa kwa nguvu. Misuli mipana ya ubavuni mwa mgongo ndiyo inayoizuia nondo isiogelee mbele, na ukilegeza kwapa utaona nondo ikiachana na miguu mara tu inapopita magoti.

Kisha pumzi. Vuta hewa ishuke tumboni, ijae mbele, ubavuni na nyuma ya kiuno, halafu kaza tumbo kama mtu anayesubiri kupigwa ngumi. Ishikilie mpaka nondo ipite magoti au ufike juu. Shinikizo hilo ndani ya tumbo husaidia kukiweka kiuno imara wakati mzigo unapanda. Linapandisha pia shinikizo la damu ghafla, hivyo mwenye shinikizo la juu, tatizo la moyo au aliyejifungua karibuni aongee na daktari wake kwanza, na aanze na uzito unaomruhusu kupumua nje polepole anaponyanyua. Mkanda wa kiunoni naomba usubiri. Mkanda ni kitu cha tumbo kusukumia. Tumbo lisilojua kukaza halina cha kuusukuma.

Bado usinyanyue. Vuta nondo kidogo mpaka usikie mlio mfupi wa chuma kugusa chuma. Kati ya nondo na tundu la sahani kuna nafasi ndogo, na mlio huo unakuambia imekwisha. Wakati huohuo mikono inanyooka kabisa na mapaja yanakaza. Anayeruka hatua hii hunyakua nondo kwa mshtuko, na mgongo hujikunja katika sehemu ndogo ya sekunde hiyo. Namjua mwanafunzi aliyeielewa hatua hii kwa masikio tu: mlio mmoja mfupi, kimya kidogo, kisha sahani zinaondoka bila kelele.

Baada ya hapo kunyanyua kwenyewe hakuna maelezo mengi. Isukume sakafu kwa miguu, makalio na mabega yapande pamoja, nondo ikipanda na ugoko na mapaja. Juu, simama wima na kaza makalio. Usijipinde nyuma, pingili za kiuno hazipati faida yoyote hapo. Kushuka, rudisha makalio nyuma kwanza, magoti yakunjwe nondo ikishayapita. Ukianza na magoti, nondo itagonga au itazunguka mbele yake, na tumerudi kwenye zile sentimita 10. Iache itulie sakafuni, jipange upya, pumua upya, kisha rudia. Usiidundishe.

Neno juu ya mgongo “ulionyooka”. Vipimo vimeonyesha kwamba hata wanaoonekana wamenyooka kabisa, kiuno chao kimejikunja kiasi. Usiingiwe na hofu kwa kila milimita. Ninachoangalia ni kama umbo la mgongo linabadilika nondo inapoanza kupanda. Ulioanza nao ndio uwe unaomaliza nao.

Kwa kiasi, seti 3 za marudio 5 (unanyanyua mara 5, unapumzika, na hivyo mara 3), mara moja au mbili kwa wiki, zinatosha kwa miezi ya mwanzo. Anza na uzito unaokufanya uhisi ungeweza kurudia mara 5 nyingine. Ongeza kilo 2.5 au 5, na uongeze tu kama marudio ya mwisho yalifanana na ya kwanza. Simu itakuambia ukweli: iweke ubavuni mwako, kwenye kimo cha nyonga, si mbele na si kwa pembe. Kwenye video tazama kitu kimoja, njia ya nondo. Ikipanda wima, mengi mengine yako sawa. Ikitoka mbele kwenye rudio la nne, seti yako ilikuwa ya marudio matatu siku hiyo.

Misuli ya makalio, nyuma ya mapaja na kandokando ya uti wa mgongo ikiuma kesho yake na keshokutwa, ni kawaida. Maumivu makali ya ghafla katikati ya rudio si kawaida. Weka chini na usijaribu tena “kuona kama yamepita”. Maumivu yanayoteremka mguuni, ganzi au mguu kukosa nguvu yanahitaji kuonwa na daktari. Na ganzi katikati ya mapaja, au kushindwa kukojoa au kuzuia choo, ni dharura: unakwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.