Je, wajua kwa nini mtu wa transista ndo aliyeeleza supakondakta?

John Bardeen ndo mtu pekee mpaka sasa aliyebeba Nobel ya fizikia mara mbili, 1956 kwa transista (kile kijiswichi kidogo cha umeme kinachojaa kwenye simu na kompyuta) na 1972 kwa nadharia ya supakondakta, yaani vitu vinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote. Wengi wanadhani alibadilisha fani. Mi naona hakuhama popote, ukifuatilia alichokuwa anachapisha unakuta swali ni lilelile, elektroni ikipita katikati ya atomi za kitu kigumu inakutana na nini?

Alifika Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, 1945 (kabla ya hapo, miaka ya 30, aliwahi hadi kufanya kazi ya kutafuta mafuta ardhini) akakuta mwanafizikia William Shockley ana kifaa cha semikondakta (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu, si kama waya wala si kama plastiki) ambacho kwenye hesabu kinakubali ila mezani hakifanyi chochote. Bardeen akasema kuna elektroni zimenasa usoni mwa kile kipande na zinaukinga umeme wa nje usiingie ndani. Akalichapisha hilo 1947, na Desemba ya mwaka huohuo yeye na mwenzake wa hapohapo Walter Brattain wakapata transista ya kwanza, ya gemaniamu, ambayo ni semikondakta.

Sasa utamu uko hapa. 1950 yeye na Shockley wakatoa kazi kuhusu jinsi mitetemo ya atomi inavyozikwamisha elektroni ndani ya semikondakta, na mwaka huohuo zikaja habari za zebaki, ambayo tangu 1911 ilijulikana kwamba ikipozwa hadi kama nyuzi -269 inakuwa supakondakta: ukitumia zebaki yenye atomi nzito zaidi, inabidi uipoze zaidi kidogo. Kama uzito wa atomi unahusika basi mtetemo wake unahusika, na mitetemo ndo ilikuwa kazi yake!

1951 akaenda Chuo Kikuu cha Illinois, akafundisha idara mbili, uhandisi wa umeme na fizikia. 1957 yeye, Leon Cooper na Robert Schrieffer wakatoa jibu. Elektroni ikipita inazivuta kidogo atomi zenye chaji chanya, pale zilipojisogeza panabaki na uchanya kidogo, elektroni nyingine inavutwa na hapo, kwa hiyo mbili ambazo kawaida zinasukumana zinajikuta jozi. Jozi zote zinakwenda kwa mwendo mmoja, na kwenye baridi ile hakuna nishati ya kutosha kuzivunja, ndo maana ukinzani unapotea kabisa. Yaani mtetemo uleule uliokuwa kikwazo kwenye semikondakta, huku ndo gundi.

Si kwamba alipatia kila kitu. 1962 Brian Josephson, mwanafunzi wa Cambridge wa miaka 22, alitabiri kwamba jozi hizo zinaweza kupenya tabaka jembamba la kihami (kitu kisichopitisha umeme), Bardeen akampinga kwa maandishi kabisa, majaribio ya 1963 yakampa ushindi yule kijana. Naye akachukua Nobel 1973.