Mtoto "mla mboga" kituoni: tunamaanisha nini hasa?

Mzazi anafika asubuhi kwenye kituo cha kulelea watoto mchana, anakabidhi mtoto wa miezi minane pamoja na mkoba wake, kisha anasema haraka huku daladala ikipiga honi: "Dada, huyu anakula mboga tu." Dada anaitikia, "Sawa, mama." Mchana mtoto analishwa wali uliopondwa na mchuzi wa dagaa.

Dada hakukaidi. Kwake yeye mboga ni chochote kinachosindikiza ugali au wali. Ukiuliza Dar es Salaam "leo mboga nini?", jibu linaweza kuwa nyama, dagaa, maharage au mchicha, na yote ni majibu sahihi. Kwa hiyo "mla mboga", hata kama kamusi imelikubali, likifika jikoni halimwambii mpishi kitu. Ukisema "asiyekula nyama" hujasogea mbali sana. Kwenye hoteli zetu mhudumu anauliza, "Nikuletee nyama, kuku au samaki?" Nyama hapo ni ng'ombe au mbuzi. Kuku ana jina lake, na dagaa ndiyo kabisa, wengi hawamhesabu.

Maana tunayohitaji ni hii: mtoto mla mboga ni yule ambaye familia yake haimpi mnyama, ndege, samaki wala kiumbe kingine cha majini, pamoja na vinavyotokana na miili yao. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika zaidi. Supu ya mifupa imo. Vidonge vya kukoleza mchuzi vyenye ladha ya kuku huenda vimo, soma karatasi yake. Jelatini ya kwenye peremende, inayotengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, imo. Na ile desturi ya kutoa vipande vya nyama kwenye sufuria na kumpa mtoto mchuzi uliobaki haimfanyi mchuzi ule kuwa wa mboga.

Mayai na maziwa ni swali lingine, na hapa kituo kisibahatishe kwa kutazama dini ya mzazi. Familia nyingi za Kihindu zenye asili ya Gujarat, kama zile za Upanga na Kisutu jijini Dar au Parklands kule Nairobi, hula mtindi, maziwa na samli lakini yai haliingii nyumbani. Wajaini wanaoshika sana huacha hata vitunguu, viazi na karoti, kwa kuwa huchimbwa ardhini. Msabato mmoja hagusi nyama kabisa. Mwenzake wa benchi hiyohiyo anakula ng'ombe, na samaki mwenye mapezi na magamba, kama ilivyo katika Walawi 11. Marasta wengi huacha na maziwa pia. Anayeacha kila kitokanacho na mnyama huitwa vegani, na kwa mtoto mchanga hiyo ni hali tofauti kabisa, nitaifikia. Uliza kitu kimoja kimoja: yai? maziwa? mtindi? samli? dagaa wa unga?

Nimetaja dagaa wa unga kwa makusudi. Uji wa lishe katika vituo vyetu hutiwa mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, na mara nyingine dagaa waliosagwa (Kenya huwaita omena). Ni chakula kizuri kwa mtoto asiyekatazwa, lakini kwenye kikombe hawaonekani na pengine hata harufu haipo. Mwenye kituo anayenunua unga uliokwisha kuchanganywa amwulize msagaji kilichomo. Aulize pia kama soya ilikaangwa au kuchemshwa kabla ya kusagwa, kwa sababu soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kutumia protini. Na karanga zenye ukungu zisiingie mashineni kabisa: sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha uji.

Mpaka hapa tumezungumzia kuondoa. Kuondoa ni nusu rahisi ya dhana hii. Nusu ya pili ni nini kinakaa mahali pa nyama, na hapo ndipo vituo vingi hukwama: watoto wengine wanapewa wali, maharage na samaki, mla mboga anapewa wali na maji ya mchicha. Ameshiba, ila hajalishwa.

Tatizo kubwa ni madini ya chuma. Mtoto aliyezaliwa na miezi kamili huja na akiba yake, nayo hupungua akikaribia miezi 6, wakati uleule anapoanza chakula cha nyongeza. Viwango vya Marekani vinamtaka mtoto wa miezi 7 hadi 12 apate miligramu 11 kwa siku. Mwanamume mzima anatakiwa kupata 8. Yaani huyu asiyejua hata kutambaa vizuri anahitaji chuma kuliko baba yake! Maharage, choroko, dengu, kunde, mbaazi na mboga za majani zina chuma, lakini mwili hukichukua kwa shida kuliko kile cha nyama. Vitamini C humsaidia. Kijiko cha juisi ya chungwa lililokamuliwa hapohapo, papai, embe au nyanya katika mlo uleule vinatosha kuleta tofauti. Chai hufanya kinyume chake, kwa hiyo ile chai ya maziwa ya saa nne ambayo vituo vingine humpa kila mwenye mdomo isimfikie mtoto wa umri huu, mla mboga au si mla mboga.

Kosa la kawaida ni kuziba pengo la nyama kwa maziwa. Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo mno, na mtoto anayeshinda akinywa maziwa hana nafasi ya maharage. Tumbo lake ni dogo: hesabu inayotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni kama gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake kwa mlo mmoja. Mtoto wa kilo 8 anabeba kama kikombe kimoja cha chai. Ukimjaza uji mwepesi, umejaza maji. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, utiwe siagi laini ya karanga au samli kidogo. Wazee wetu walikuwa na njia yao hapa: kimea, unga wa ulezi ulioota. Ukitia kidogo katika uji mzito uliopoa kiasi, uji hulegea bila kuongezwa maji, kwa hiyo mtoto anapata unga mwingi katika kikombe kilekile. Kuotesha na kuchachusha pia hupunguza vile vitu vya kwenye nafaka vinavyofunga chuma.

Mimi ningeulizwa nichague chakula kimoja cha mchana, ningesema mseto. Watu wa pwani wanaujua: mchele na choroko katika sufuria moja, vikaiva hadi vikalegea, tui likaja mwisho. Nyumba za Kigujarati hupika ndugu yake, kichri, kwa samli badala ya tui, na ndicho mara nyingi chakula cha kwanza cha mtoto. Nafaka na kunde hukamilishana protini, mpishi hana haja ya sufuria ya pili, na watoto wote wanaweza kula. Ponda, usitie chumvi kwa mtoto aliye chini ya mwaka, weka papai pembeni. Karanga nzima na korosho nzima ni hatari ya kupaliwa mpaka afike miaka 5, na asali isubiri hadi atimize mwaka.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka watoto wa miezi 6 hadi 23 wale nyama, samaki au mayai kila siku, na maziwa ya mama yaendelee hadi miaka 2 na zaidi. Kwa hiyo familia ya wala mboga imechagua njia inayohitaji mpango. Pale yai na maziwa vinapokubalika, mpango huo unawezekana kwa vyakula vya sokoni. Kwa vegani hautoshi: vitamini B12 haipatikani kwa uhakika katika mmea wowote, na mama anayenyonyesha asipoipata, maziwa yake nayo hupungukiwa. Mtoto anayezidi kulegea, asiyeongezeka kwenye kadi ya kliniki, au aliyekuwa anakaa na sasa hakai tena, apelekwe hospitali upesi. Matone ya B12 huanzishwa na mhudumu wa afya pamoja na wazazi. Dada wa kituo kazi yake ni kuona na kusema mapema.

Uingereza, kanuni za malezi ya watoto wadogo zinamlazimu mwenye kituo kupata habari za chakula cha mtoto kabla hajampokea, na kuziandika. Huku kwetu karatasi moja ukutani jikoni yaweza kufanya kazi hiyohiyo: anachokula, asichokula, kinachokaa mahali pake, na nani apigiwe simu. Isiandikwe "mzio" kama si mzio. Nimeona wazazi wakiandika hivyo ili wachukuliwe kwa uzito, na nawaelewa, lakini siku mtoto atakapopokonya kipande cha samaki kwenye sahani ya jirani, na wanapokonya hawa, maneno hayo mawili yanadai mambo mawili tofauti. Mwenye mzio huenda akahitaji hospitali dakika hiyohiyo. Mla mboga anahitaji kufutwa mdomo, na jioni mama yake aambiwe ukweli pale mlangoni, hata kama mtoto mwenyewe bado anakitafuta kile kipande.