Chembe sahani zikishuka wakati wa kemo: majani ya mpapai yana nafasi gani?

Chembe sahani, ambazo wagonjwa wengi huziita pleteleti, ni chembe ndogo za damu zinazoziba jeraha ili damu isiendelee kutoka. Hutengenezwa kwenye uboho wa mifupa na huishi siku 7 hadi 10 hivi. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu.

Dawa za kemo, yaani dawa za kutibu saratani, huua seli zinazogawanyika upesi, na uboho umejaa seli za aina hiyo. Hesabu hushuka, mara nyingi katika wiki ya pili baada ya dozi, kisha hupanda yenyewe uboho ukipata nafuu. Hapo ndipo mpapai hupata sifa. Mgonjwa Kisumu anaambiwa pleteleti zimeshuka, nyumbani wanamtwangia majani mabichi, wanakamua, anakunywa ule uchungu kwa kikombe. Wiki inayofuata vipimo vimepanda, na mtaa mzima unajua kilichomponya. Huenda zingepanda hata bila tone moja. Malaria nayo, ambayo huku ziwani haituachi, hushusha pleteleti, nazo hurudi vimelea vikiisha.

Utafiti mwingi wa majani hayo ulihusu homa ya dengi, ugonjwa unaoenezwa na mbu ambao nao hushusha pleteleti, hasa Asia. Kwa mgonjwa wa kemo ushahidi ni haba mno.

Binafsi nahofia zaidi madhara. Kemo hushusha pia chembe nyeupe, zinazopambana na vijidudu, kwa hiyo juisi mbichi ya majani yasiyooshwa vizuri inaweza kumletea maambukizi mazito. Vidonge vya kitunguu saumu, tangawizi au manjano vinaweza kuzidhoofisha hata pleteleti chache zilizobaki, kama zifanyavyo aspirini na ibuprofen. Viungo vya kawaida kwenye mchuzi ni jambo jingine. Managu, kunde na omena, vikiivishwa vizuri, ale tu. Mwili unavihitaji, ila visichukuliwe kuwa dawa ya pleteleti.

Mgonjwa akiona vidoti vyekundu miguuni visivyofifia akivibonyeza, ufizi unaovuja damu, choo cheusi, au kichwa kikimuuma ghafla na vikali, aende hospitali siku hiyohiyo, na amtajie daktari kila alichokunywa, mitishamba ikiwemo. Hesabu ikishuka chini ya 10,000, kwa kawaida madaktari humwongezea pleteleti za mchango. Hizo huhifadhiwa siku 5 hivi tu, kwa hiyo ndugu wanaotaka kumsaidia waulize mapema pa kutolea damu, na wamwambie muuguzi kama wamemeza aspirini siku za karibuni.