Mwalimu Mkuu Msaidizi si mchapa viboko wa shule

Wiki hii imetokea tena. Mzazi kamshika mwanawe mkono, wakakatiza uwanja wakati wa vipindi, madarasa yote yakiwatazama madirishani, hadi mlangoni kwangu. Tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za nyumbani, ndipo ombi likatoka: "Mwalimu, huyu nimekuletea wewe. Hawa wengine wanamdekeza. Wewe ndiye msaidizi, mchape hapa hapa nione." Hakuuliza mwalimu wa darasa ni nani. Hakuuliza mtoto alihudhuria siku ngapi mwezi huu. Alikuja na kosa na adhabu yake tayari, akawa anatafuta mkono tu.

Maneno haya nimeyasikia kwa wazazi, kwa wajumbe wa kamati ya shule, na kwa walimu wapya wanaoripoti na barua zao mkononi: kwamba Mwalimu Mkuu ana mafaili na Msaidizi ana fimbo. Yamenichosha, na si kwa sababu yananivunjia heshima. Yananichosha kwa sababu mtoto anaumia, na kazi yenyewe ya kiti hiki haionekani, kwa hiyo hakuna anayeidai ifanyike.

Nianze na kanuni, maana hapo ndipo upotofu ulipo mkubwa. Kanuni za adhabu ya viboko zilizo chini ya Sheria ya Elimu ya Tanzania ya 1978, zile za Tangazo la Serikali Na. 294 la 2002, zinampa mamlaka mkuu wa shule, au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi. Rudia hapo: kwa maandishi. Mimi kuwa Msaidizi hakunipi ruhusa yoyote ya kumgusa mtoto. Bila karatasi yenye sahihi ya Mwalimu Mkuu, mimi na mwalimu aliyeajiriwa jana tuko sawa, na sote wawili tukiinua fimbo tumevunja kanuni.

Na hata karatasi ikiwepo, mambo hayajaisha. Kosa liwe kubwa kweli, la kuvunja nidhamu ya shule au kuiaibisha. Viboko visizidi vinne. Umri wa mtoto, jinsia yake na afya yake viangaliwe kwanza. Msichana huadhibiwa na mwalimu wa kike, au na mkuu wa shule. Kisha kuna kitabu: jina la mtoto, kosa, idadi ya viboko, jina la aliyechapa, na mkuu wa shule anatia sahihi. Ukinionyesha shule ambako kila kiboko kiliandikwa kitabuni, nitakuvulia kofia. Ninayoyajua ni ya mstarini asubuhi, waliochelewa wamepangwa foleni, kila mmoja anapokea chake, kitabu kimefungiwa kabatini kikiwa kipya kabisa. Sioni kwa hoja gani kuchelewa kunaitwa kosa kubwa, au kushindwa kuzidisha saba mara nane. Hayo siyo yaliyokusudiwa na kanuni, na mwalimu anayefanya hivyo anajifungulia faili la nidhamu mwenyewe huko Tume ya Utumishi wa Walimu.

Mzazi anaponiambia "nimekuruhusu mimi baba yake", moyo unanisononeka. Ruhusa yako, mzee wangu, haimo. Kanuni hazikusema mzazi akiridhia basi mlango uko wazi. Najua fikra hii inatoka wapi: huku pwani mtoto alikuwa akipelekwa chuoni, yaani madrasa, na mzazi akamwambia mwalimu mbele ya mtoto, "nyama yako, mifupa yangu", maana yake mchape, ila usimvunje. Ilikuwa ahadi ya kuaminiana kati ya mzazi na mwalimu, na wazee wetu waliosoma hivyo wengi wanaisimulia kwa fahari. Siwadharau. Lakini shule ya msingi ya serikali haiendeshwi kwa ahadi hiyo, na mwalimu akimvunja mtoto kidole, hakimu hatauliza nani alisema nyama ya nani.

Sababu nyingine ya dhana hii ni ya kawaida tu. Mwalimu Mkuu mara yuko halmashauri, mara kwenye kikao cha Afisa Elimu Kata, mara benki, mara anahangaika na FFARS, mfumo wa hesabu na taarifa za fedha za shule, ambao mtandao umeukatalia. Anayebaki shuleni na kuonekana uwanjani ni Msaidizi. Mtoto akivunja kioo, wa kwanza kufika ni Msaidizi. Basi watu wakafunga hesabu: anayefika kwenye kosa ndiye mtu wa adhabu.

Sasa kazi yenyewe.

Asubuhi naanzia kwenye kitabu cha mahudhurio ya walimu, kabla sijaangalia mwanafunzi hata mmoja. Nani amesaini, nani ameomba ruhusa, nani hajafika na hajasema. Mwalimu wa zamu ananipa taarifa yake. Kutoka hapo natoa hesabu moja tu inayonitawala siku nzima: vipindi gani leo havina mwalimu. Kipindi cha Darasa la Tatu kwenda juu ni dakika 40. Mwalimu mmoja akiugua, na ana vipindi sita, hizo ni dakika 240 ambazo watoto watakaa wenyewe nisipopanga. Napanga kwa kuomba, kwa kubembeleza, mara nyingine kwa kuingia mwenyewe nikiwa sina hata chaki ya kutosha.

Hapa ndipo ninapotaka wazazi wanisikilize. Karibu kila ugomvi unaoletwa mezani kwangu, ukiufuatilia saa yake, umezaliwa ndani ya kipindi kisicho na mwalimu. Kalamu imeibwa: kipindi cha nne, mwalimu alikuwa hospitali. Mtoto kachomwa na bikari: baada ya mapumziko, mwalimu alichelewa kutoka kwenye chai. Kiranja kapigwa: darasa lilikuwa na watoto zaidi ya mia wakimsubiri mwalimu aliyeitwa kwenye semina. Unaweza kuwachapa wote walioshiriki. Kesho kipindi kile kile kikiwa kitupu, watapigana tena, pengine kwa hasira zaidi. Kwa hiyo ninapomfuata mwalimu mwenzangu ofisini na kumwambia kwa upole, "Mwalimu, Darasa la Tano wanakusubiri," hapo ninashughulikia nidhamu ya watoto kuliko ambavyo fimbo ingewahi kufanya.

Si kazi rahisi. Mwalimu mwingine ni mkubwa kwangu kwa umri, alishafundisha nikiwa bado mwanafunzi. Kumkagua andalio la somo kunahitaji adabu. Naanza na shikamoo, naomba kuona azimio la kazi la muhula, tunazungumza somo lilipofikia, na mapungufu nayataja tukiwa wawili tu. Wapo wanaosema ukaguzi ni kazi ya wathibiti ubora. Wathibiti ubora wanakuja kwa nadra, wanaandika ripoti, wanaondoka. Watoto wako darasani kila siku.

Kuna rejista nyingine ninayoipenda kuliko zote, nayo ni ya mahudhurio ya wanafunzi. Wengi wanaijaza tu ili ijazwe. Mimi naisoma kwa kushuka chini, safu kwa safu, mwezi kwa mwezi. Shule yetu iko Tanga, upande wa barabara ya Pangani, bahari haiko mbali. Kwa muda mrefu walimu wa madarasa ya juu walikuwa wanaandika "mtoro" kwa watoto wale wale, siku zinazofuatana, kisha watoto wanarudi kama hakuna kilichotokea. Walichapwa. Wakarudia. Nikaweka rejista kando ya kalenda ya mwezi, ndipo nikaona: utoro unakuja mara mbili, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Bamvua.

Msomaji wa bara huenda asielewe uzito wake. Wakati wa bamvua bahari hupwa sana, miamba inabaki wazi, na huku kwetu maji yanakuwa yamekwenda mbali kabisa kuanzia kama saa nne asubuhi. Ni saa za shule hasa. Hapo kina mama na watoto wanashuka kuchokoa pweza na kuokota kombe, na kinachopatikana siku hizo chache ndicho kinachonunua mchele, mafuta ya taa, na mara nyingine sare ya shule yenyewe. Mtoto anayejua shimo la pweza lilipo ana thamani kwa mama yake siku hiyo kuliko anayejua mofimu.

Fimbo ingefanya nini hapo? Bahari haitabadili saa kwa sababu nimechapa watoto.

Tulichofanya ni kidogo. Tulikaa na kamati ya shule na viongozi wa mtaa, tukakubaliana kwamba watoto wadogo wasishuke kabisa siku za masomo, na wakubwa wasikose asubuhi nzima. Pamoja na mwalimu wa taaluma tukasogeza Hisabati na Kusoma mwanzo wa siku, na majaribio ya wiki tukayaondoa kwenye siku za bamvua. Mahudhurio ya vipindi vya kwanza yamekuwa afadhali. Ya vipindi vya mwisho bado mabaya.

Na hapa nakiri nina wasiwasi ambao hakuna kozi iliyonitatulia. Nilisoma uongozi wa elimu ADEM pale Bagamoyo, stashahada, nikafundishwa kupanga, kusimamia na kutathmini. Sikupata jibu la swali hili: nikipanga ratiba kufuata maji, je, ninamsaidia mtoto, au nimehalalisha utoro wake kwa lugha nzuri? Sheria inataka mtoto awe darasani siku zote za masomo, na mzazi anayemzuia anaweza kushtakiwa. Mwalimu mmoja mwenzangu anasema nimelegeza kamba, na walimu wa Ngamiani, Tanga mjini, wangecheka. Siwezi kumwambia amekosea kabisa. Ninajua tu kwamba mtoto aliyepata Hisabati kabla ya kushuka baharini amepata kitu, na aliyekimbia fimbo tangu alfajiri hakupata chochote.

Wasiwasi wa pili ni wa fimbo yenyewe. Walimu wa madarasa yenye watoto mia na zaidi, wakati kiwango ni 45, wananiuliza: tukiiweka chini, tunashika nini? Wengine ni walimu wazuri mno, wanapenda watoto. Nawaambia washike majina, yaani kila mtoto aitwe kwa jina lake, kwa sababu mtoto anayejulikana kwa jina hathubutu mengi. Lakini kujifunza majina ya watoto mia na ishirini kunachukua muhula, na vurugu haisubiri muhula. Jibu la kweli ni walimu zaidi na vyumba zaidi, na hayo hayamo mikononi mwangu wala mwao.

Mengine nayapitia haraka. Msaidizi anaandika kumbukumbu za vikao vya walimu, anahesabu vitabu stoo, anaangalia matundu ya vyoo na maji ya kunawa, anafuatilia uji wa watoto na michango ya wazazi iliyoridhiwa, anahakikisha taarifa za watahiniwa wa Darasa la Nne na la mwisho zimeingizwa sawasawa, maana herufi moja ya jina ikikosewa mzazi atahangaika miaka. Mwalimu Mkuu akisafiri, anakaimu, akirudi, anakabidhi. Posho ya madaraka iliyoanza 2016, shilingi 200,000 kwa mwezi, ni ya Mwalimu Mkuu. Sisemi hayo kwa kulalamika, ila mzazi ajue hakuna mtu aliyelipwa kuwa mchapaji.

Na kuna jambo moja la mipango ningependa wazazi waanze kuniuliza badala ya viboko. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Waliokuwa Darasa la Tatu mwaka ule watamaliza wakiwa la Sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao waliowatangulia, wa mtaala wa zamani, watamaliza la Saba. Madarasa mawili yanatoka kwa pamoja. Walimu wa kuandaa mitihani ya pande zote mbili ni wale wale, na vyumba ni vile vile. Ratiba ya mwaka huo nimeshaanza kuichora kwa penseli, na sehemu nyingine bado hazikubali.

Kwa hiyo mzazi, ukija kwangu, njoo na madaftari ya mtoto, yote, hata yale yaliyochanika. Pitia kwanza kwa mwalimu wa darasa. Ukikuta hayupo, nitakuonyesha rejista mwenyewe. Niambie mtoto analala saa ngapi, anatoka madrasa saa ngapi, anatembea na nani njiani, anakula nini kabla ya kuja. Ukiniambia ameanza kukataa shule tangu lini, tutatafuta kilichotokea wiki hiyo, kwa sababu mara nyingi kipo na kina jina la mtu: mkubwa anayemnyang'anya hela, mwalimu aliyemwaibisha mbele ya wenzake, au kondakta asiyemtaka kwenye daladala. Kama ni binti na ananyamaza, mlete bila mdogo wake wala mjomba. Tutakaa na mwalimu wa malezi. Saa nzuri ni baada ya mapumziko ya kwanza, ambapo vipindi vyangu vya siku huwa vimepungua. Ijumaa njoo mapema, kabla watu hawajaelekea msikitini.