Ukurasa aliouchanisha Keating haukuwa wa arudhi

Haupiti muhula bila mwanafunzi kuniletea ubeti wenye mshororo wa mizani (yaani silabi) 8, unaofuata 11, wa tatu 6. Nikiuliza mbona, jibu ni lile lile: "Ustadhi, yule mwalimu wa kwenye filamu alisema tuchane kurasa za arudhi, hizo kanuni za vina na mizani." Sasa naona hata walimu wenzangu wa Lamu hapa wameanza kuitia hoja hiyo vinywani mwao. Basi tuitazame filamu yenyewe, si kile kipande kinachozunguka kwenye simu.

Ni Dead Poets Society ya mwaka 1989. Mwelekezi ni Peter Weir, mwandishi wa mswada ni Tom Schulman, aliyepata Oscar kwa kazi hiyo, na Keating, mwalimu mwenyewe, anaigizwa na Robin Williams. Mahali ni Welton, shule ya bweni ya wavulana huko Vermont, Marekani, mwaka 1959. Hayo mnayajua.

Ukurasa unaochanwa ni dibaji ya kitabu cha ushairi, ya msomi wa kubuniwa aitwaye J. Evans Pritchard. Anasema ubora wa shairi upimwe kwa grafu: mstari wa ulalo uonyeshe ufundi, wa wima uonyeshe uzito wa jambo, kisha eneo litakalopatikana ndilo ukuu wa shairi. Sonneti ya Byron inapata alama nyingi kwenye wima na za wastani kwenye ulalo. Ya Shakespeare inapaa kote kuwili. Keating anaichora ile grafu ubaoni kwa utulivu, halafu anaitukana. Kilichomkera ni mizani ya dukani, ile ya kupimia sukari, kuletwa kupima shairi.

Sitaficha kinachonipinga. Dibaji ile inaanza kwa kusema kwamba msomaji sharti kwanza azijue mizani, vina na tamathali, na sentensi hiyo nayo inachanwa pamoja na zilizobaki. Wanaonibishia wangeitaja hiyo ningetoka jasho. Hawaitaji, kwa kuwa hawajaisikiliza.

Sasa tazameni mashairi anayoyaleta Keating mwenyewe. Siku ya kwanza, mbele ya picha za wanafunzi wa zamani, anamsomesha kijana shairi la Herrick, mshairi wa Kiingereza, la kuchuma mawaridi ungali na wakati. Lina beti 4 za mishororo 4, vina vinapishana, na silabi zinakwenda 8, 7, 8, 7. Na lile la "Nahodha", ambalo ndilo linawasimamisha vijana juu ya madawati mwishoni? Mtunzi wake, Walt Whitman, ni mtu wa guni, mashairi yasiyofuata arudhi, karibu maisha yake yote, lakini hilo la mwaka 1865, la kumlilia Rais Lincoln, alilitunga kwa vina, na beti zake zote 3 zinafungwa kwa maneno yale yale. Kwetu hicho ni kibwagizo. Yaani bendera ya wachanaji kurasa imeshonwa kwa uzi wa arudhi!

Na jambo lenyewe la Herrick, kwamba uhai unapita, tunalo hapa hapa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate katika utenzi wake Al-Inkishafi: madaka yaliyopangwa sahani sasa wamelala makinda ya ndege. Herrick anasema basi starehe. Sayyid anasema basi tubu. Hitimisho ni kinyume kabisa, na wote wawili wamefunga vina. Hakuna aliyekosa pumzi kwa sababu ya arudhi.

Pritchard wetu yupo, ila si Sheikh Amri Abedi na kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi cha mwaka 1954. Yupo kwenye karatasi ya 102/3, ule mtihani wa fasihi wa KCSE. Mtahiniwa anaandika "beti 5, mishororo 4, vipande 2, mizani 8,8", anapewa alama, na hajaulizwa hizo 8 zinafanya kazi gani. Hapo chaneni, nitawashikia rula kama aliyotumia Cameron, mwanafunzi wa Keating, kuchania ukurasa wake.

Kazi ya hizo mizani 8 ni hii. Ubeti huu nimeutunga sasa hivi kwa mfano tu, msiupeleke mashindanoni:

Usichane ukurasa
bila kujua mkasa
hesabu silabi sasa
ndipo upate kunena.

Mishororo minne, kila mmoja mizani 8, vina vitatu vya *sa*, na bahari yake, yaani kina cha mshororo wa mwisho, ni *na*. Kumbuka m-ka-sa ni mizani 3, kwa kuwa *m* hiyo inasimama peke yake. *Ndi* ya "ndipo" ni moja tu. Sasa tia *u* moja mshororo wa pili: "bila kuujua mkasa". Ni 9. Kwa jicho huoni kitu. Uimbe mshororo huo kwa mahadhi ya utenzi, yaani ughani: ama utaimeza silabi moja, ama utachelewa kufika kwenye kina na sikio la msikilizaji litakutangulia. Kosa huonekana kwenye koo, na ndiyo sababu mwanafunzi anayehesabu kwa vidole bila kughani hataelewa kamwe anachohesabu. Maneno kama *dhikri* ndiyo yanayotutesa: wengine huyaghani *dhikiri*, na mizani ikaongezeka. Mimi humfuata mghani. Mtahini hafanyi hivyo, na sina dawa.

Kuna onyesho moja ambalo silimudu. Todd, mwanafunzi mwenye haya, hana shairi. Keating anamsimamisha mbele ya darasa, anamfunika macho, anamzungusha, anamuuliza maswali papo kwa papo kuhusu picha ya Whitman ukutani, na maneno yanamwagika. Hakuna vina, hakuna mizani, na ni ushairi. Nimetafuta namna ya kulikanusha, sikuipata. Ninachoweza kusema ni kwamba yale si maneno ya kujazia nafasi tu: kila picha inaizaa inayofuata, na ile ya blanketi inavutwa mpaka ikaisha. Anayetaka kutunga guni, kama mshairi Kezilahabi katika diwani yake Kichomi mwaka 1974, aniletee kitu kilichoshikana namna hiyo. Akiniletea 8, 11 na 6, nitamrudishia aughani kwanza.