Mwinulie tembo mguu kwanza

Ukitaka kujua tembo wa sarakasi ameishi vipi, mwinulie mguu. Ngozi huoshwa kabla ya onyesho, na kitambaa cha nakshi hufunika mgongo. Wayo haufichiki.

Nazungumzia sarakasi za hema na reli za Marekani na Ulaya, si ile ya vijana wanaorukaruka na kupinda migongo tuliyoizoea kwetu. Tembo wao wengi walikuwa wa Asia, na karibu wote majike. Dume akifika kipindi chake cha ukali, majimaji yakimchuruzika kati ya jicho na sikio, hakuna amri anayoisikia.

Tembo wa Asia kwa kawaida ana kucha 5 kwenye kila mguu wa mbele na 4 kwenye kila wa nyuma. Wa savana, hawa wetu wa Tsavo na Mikumi, huwa na 4 mbele na 3 nyuma. Ndani ya mguu vidole vimesimama kwa ncha, kama mtu aliyevaa viatu virefu, na nyuma yake kuna mto wa mafuta na nyuzi unaotanuka akikanyaga na kunywea akiinua. Jike mzima wa Asia ana kilo 3,000 hivi, na miguu ya mbele peke yake hubeba takribani asilimia 60 ya uzito huo. Sasa fikiria lile zoezi la kusimama kwa miguu ya mbele huku ya nyuma ikiwa hewani. Watu wanapiga makofi, viungo vya mbele vinabeba karibu mwili mzima.

Tembo wa Tsavo hakatwi kucha na mtu, kwa sababu mchanga na mawe humsugua anapotembea kutafuta malisho na maji. Wa sarakasi alifungwa minyororo miwili, mguu mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma wa upande mwingine, juu ya zege au sakafu ya behewa. Mtunzaji makini alibadilisha miguu kila siku ili mnyororo usichubue. Hata hivyo mnyama alibaki na hatua moja mbele, moja nyuma. Hapo ndipo anapoanza kuyumba, kushoto kulia, saa nzima. Watazamaji walidhani anacheza muziki. Hachezi, ni mnyama aliyekosa pa kwenda. Ukiona wayo umelika ukingo mmoja na kunenepa mwingine, umeshajua amesimama vipi, na kucha za pembeni zimebeba mzigo usio wao.

Ongeza unyevu. Tembo hukojoa lita 50 hivi kwa siku, na chakula anachokula hakisagiki hata nusu, kwa hiyo kinyesi ni kingi mno. Wayo ukilowa humo unalainika, unapasuka, vijidudu vinaingia.

Kazi yenyewe ni ya kila siku. Sugua wayo kwa brashi ngumu na maji, chokoa kokoto kwenye mifereji, kisha nusa. Harufu ya kuoza hutangulia usaha. Kukata ni kidogo kidogo, kila baada ya wiki chache, kwa kisu cha kwato na tupa, kile chuma cha kusugulia. Kati ya ukucha na ukucha acha nafasi ya kupitisha kidole. Zikigusana zinasukumana na uchafu unakwama. Ngozi ya shina la ukucha ikirefuka na kuning'inia, ipunguze, kwa sababu tembo hutoa jasho hapo na unyevu ukifungiwa ndani jipu haliko mbali. Kwenye wayo, bonyeza kwa dole gumba kila unapopunguza. Ukianza kubonyea, au rangi ya waridi ikijitokeza, simama. Kosa la wanaoanza ni kukata sana wakitaka wayo uwe laini na wa kupendeza. Kesho yake mnyama anachechemea kwenye changarawe.

Ufa wa ukucha usiujaze gundi na kuusahau. Punguza ukucha chini ya ufa usiguse ardhi, maana kila hatua inausukuma uzidi kupanda juu. Jipu nalo lifunguliwe upande wa chini litoke lenyewe, lisafishwe, na mguu uloweshwe kwenye maji ya vuguvugu yenye chumvi ya Epsom (chumvi ya magnesiamu, si ya kupikia) dakika 15 hadi 20, mara mbili kwa siku. Huchukua miezi. Likizibwa juu huku chini kunaoza, usaha unafika kwenye mfupa wa kidole, na hapo dawa hupenya kwa shida. Magonjwa ya miguu na viungo ni miongoni mwa sababu kubwa za tembo wa kufugwa kudungwa sindano ya mwisho.

Katika mazoezi yote ya ulingoni, lenye faida kwa tembo mwenyewe ni amri ya kuinua mguu na kuuweka juu ya kigoda. Zamani lilifundishwa kwa ankusi, ile fimbo yenye kulabu ya chuma, ambayo California iliipiga marufuku kuanzia 2018. Kulabu haihitajiki. Mtunzaji anakaa upande wa pili wa nondo, tembo anapitisha mguu kwenye dirisha na kuuegesha, filimbi inalia, anapata kipande cha tufaa. Akichoka anauondoa, na haadhibiwi. Mwanzoni kubali sekunde 5 tu. Ukilazimisha dakika 10 siku ya kwanza, ya pili haji.

Ringling Bros., sarakasi maarufu ya Marekani, waliwaondoa tembo wao ulingoni Mei 2016 na kuwapeleka Polk City, Florida. Mwaka 2019 serikali ya Denmark iliwanunua tembo 4 wa mwisho wa sarakasi nchini humo kwa kroner milioni 11. Kustaafu hakuponyi viungo vilivyokwisha kulika. Kinachosaidia ni udongo badala ya zege, nafasi ya kutembea, na marundo ya mchanga yenye mteremko, marefu kufikia ubavu wake. Tembo mzee mwenye yabisi huogopa kulala chini kwa sababu kuinuka kunamshinda. Kwenye mteremko anaegemea ubavu, magoti yanapumzika, na asubuhi unaona alama ya mwili wake mchangani.