Kaure haipambiki? Maneno ya mtaani kuhusu udongo mweupe, na ukweli wake

Wengi wanaoanza kufinyanga kwa kaure, ule udongo mweupe ambao wengine wanauita porseleni, wanakuja wakiwa wameshajazwa maneno, mara kaure haishiki nakshi, mara hiyo ni kazi ya viwanda, mara kama hujui kuchora usijisumbue. Watu wenye mikono mizuri wanaacha kwa sababu ya maneno haya na inaniuma kweli, maana mengi yanaisha ukishaelewa kitu kimoja tu: nakshi ya kaure inaamuliwa na unyevu uliobaki kwenye udongo pale unapougusa. Kipaji kinakuja baadaye sana.

Tuanze na hilo la kwanza, eti udongo wenyewe ni laini mno alama hazikai. Ni kinyume kabisa. Chembe za kaure ni ndogo mno kwahiyo inashika kila kitu, hadi mistari ya kidole chako usiyoitaka. Sukuma kipande kiwe bapa kwa kisukumio cha chapati, tandika kitambaa cha lesi juu yake, pitisha kisukumio mara moja tena, ukibandua unaona kila uzi na kila fundo. Gunzi la muhindi linafanya kazi, ganda la kombe linafanya kazi, jani la mpapai upande wenye mishipa ndo usiseme. Watu wanapofeli ni kwenye muda. Ukiwahi, udongo bado mbichi, lesi inanata na kuondoka na ngozi ya juu. Ukichelewa unapasuka kingo. Kwa kukandamiza unataka udongo ulioacha kung'aa maji ila bado unakubali kupinda. Kwa kuchonga, kutoboa na kubandika unasubiri zaidi, mpaka umekaza na bado uko baridi ukiugusa, ukiweka ukucha unaacha alama bila kunata. Hapo kisu kinatoa uzi mrefu mzima mzima. Ukiona kinatoa ungaunga, muda umeshapita, na kulowanisha upya kwa pupa mara nyingi kunaleta nyufa.

Sasa mtu atakwambia mbona mimi nilichonga vizuri na mwisho sikuona kitu? Angalia glezi, lile tabaka la kioo linalopakwa kabla ya kuchoma mara ya mwisho. Glezi nzito isiyopitisha mwanga inajaa kwenye mifereji na kufunika kila kitu. Glezi nyepesi yenye rangi kidogo inafanya vingine, inatiririka na kutuama kwenye mchongo, pale penye kina rangi inakolea. Mafundi wa Jingdezhen kule China, zama za Song (960–1279), walichonga maua kwenye mabakuli meupe wakayafunika na glezi yenye ubuluu wa mbali, ua likaonekana bila tone la rangi ya kuchorea. Kwahiyo hilo la "lazima ujue kuchora" nalo halina msingi.

Na si lazima upake glezi kila mahali. Watu wanaamini chombo kisichopakwa kitavuja. Chungu cha kawaida kweli kinachuja maji, ila kaure iliyochomwa ikaiva sawasawa hainywi maji, yani nje unaweza ukaiacha tupu nakshi ikashikika kwa vidole, ndani tu ukapaka glezi ili iwe rahisi kuosha.

Rangi nazo. Eti unayoona kwenye brashi ndo utakayopata. Oksidi ya kobalti ukiipaka ni nyeusi, inatisha kidogo, inakuwa bluu baada ya kuchomwa chini ya glezi. Kule Jingdezhen karne ya 14 walikuwa wanatumia kobalti iliyotoka Uajemi, na vyombo vya Kichina vya bluu na nyeupe ni miongoni mwa vilivyofika hadi pwani yetu, vingine vikapachikwa kwenye nguzo za makaburi kama pale Mambrui na Kunduchi, vingine vikapangwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba za Lamu. Waridi na dhahabu unazoziona kwenye vikombe vya maua mara nyingi zimepakwa juu ya glezi iliyokwisha kuiva, kisha chombo kikarudi kwenye tanuri kwa joto la chini, nyuzi za Selsiasi 700 hadi 850 hivi. Chenye dhahabu usikitie kwenye maikrowevu, kinatoa cheche.

Kuna vile vibakuli vyenye vitundu vinavyopitisha mwanga. Wengi wanasema fundi alipachika punje za mchele zikaungua. Hapana. Kwa mafundi wa Jingdezhen vitundu vinakatwa kwa mkono udongo ukiwa umekaza, halafu vinajazwa glezi mpaka vizibe. Ni muda uleule niliousema, ukikata mapema ukingo unajikunja.

Jingine: "kikipinda nitakinyoosha." Utakinyoosha kwa macho tu. Kaure uliyoipinda ukainyoosha inaweza ikarudi kupinda humo humo kwenye tanuri, kwahiyo bapa lenye nakshi linabebwa juu ya ubao, halishikwi kingo likaning'inia. Na inasinyaa, asilimia 12 hadi 15 ni kawaida, ua la sentimita 10 linabaki kama 8 na nusu. Ndo maana pambo la kubandika linatengenezwa kwa udongo uleule na linaunganishwa kwa uji wa udongo uleule, ukichanganya udongo mwingine vinasinyaa tofauti na pambo linabanduka.

Halafu tunaambiana Pugu, kule Dar es Salaam, kuna kaolini, ule udongo mweupe ulio msingi wa kaure, basi kaure tunayo tayari. Kaolini tunayo kweli, lakini peke yake haiivi, inataka feldispa na kwatzi, madini mawili ya mawe yaliyosagwa, mchanganyiko uliozoeleka ni nusu kaolini na robo robo ya hivyo viwili, na tanuri la kufika nyuzi 1,220 hadi 1,300. Moto wa wazi wa kuchomea vyungu haufiki huko. Ila mkono unaweza kuuzoesha leo kwa udongo wowote wa mfinyanzi, akina mama wanaofinyanga vyungu wanatia nakshi kwa gunzi na kamba miaka yote.

La mwisho nalisema kwa nguvu, kuna wanaolainisha nakshi kwa msasa mkavu wakidhani vumbi la udongo halina madhara. Lina silika, madini yaleyale ya mchanga, inakaa kwenye mapafu na haitoki. Lainisha kwa sponji bichi kabla ya kuchoma, ukitaka msasa tumia wa maji baada ya kuchoma, na meza ifutwe kwa kitambaa kibichi, usifagie.